Chelimo Aulizwa Kuhusu Makombora

Juni 1999 Chelimo alikuwa nyumbani, nje kidogo ya Chepilat, Kenya, akimuuguza mamake. Kazi yake ilikuwa Jeneva, kwenye shirika la kimataifa. Kwa miaka sita alikuwa akisoma ripoti kuhusu nchi zenye silaha za nyuklia, kisha akiwaambia wakubwa wake iwapo hatari imekaribia au bado. Babake, Hezekiah, alijua tu kwamba bintiye ni mtu wa ofisi.

Mwezi huo India na Pakistan zilikuwa zikipigana milimani. Asubuhi moja Opiyo, karani wa kiwanda cha majani chai, alikuja kusema kuna simu ya ng'ambo, na itapigwa tena saa nne. Hezekiah akamsindikiza Chelimo hadi kiwandani.

Mkuu wa Chelimo kule Jeneva aliongea haraka. Kulikuwa na habari, haijathibitishwa, kwamba makombora ya nyuklia ya upande mmoja yametolewa ghalani. Wenzake wawili walishasema yanaandaliwa kurushwa. Kabla ya kutuma onyo kwa serikali kubwa, walimtaka yeye aseme kama anakubaliana nao.

Chelimo alishikilia meza. Akinyamaza na ikawa kweli, mamilioni watakufa bila kuonywa. Akiunga mkono na ikawa uongo, onyo lenyewe laweza kumtia mtu hofu afyatue kwanza.

Akauliza kama malori yenye mafuta ya kuyarushia yameyafuata. Mkuu akasema hawajayaona.

"Hamjayaona, au hayapo?"

Mkuu akakiri: "Hatujui."

"Basi andikeni hivyo. Andikeni kwamba hatujui."

Aliporudisha simu mahali pake, aliegemea ukuta. Opiyo akamletea kiti.

Siku mbili Chelimo hakula. Alichuma chai na babake huku redio ndogo ikining'inia shingoni, na kila taarifa ya habari ilipoanza mikono yake ilisimama. Hatimaye Hezekiah alimuuliza kinachomsumbua, naye akamweleza yote, katikati ya mistari ya chai. Mzee alikaa chini na kapu lake mgongoni.

Siku ya tatu simu ilikuja. Makombora yalihamishwa ili yafichwe tu. Hayakuwa na mafuta.

"Kwa hivyo ulijua?" Hezekiah aliuliza.

"Hapana, Baba. Niliogopa kusema nisichokijua."

Mzee akamsogelea. Alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Chelimo akiwa mtoto.

Agosti Chelimo alirudi Jeneva. Barua yake ya kwanza kwa mkuu iliomba kwamba mtu asiulizwe tena swali kama hilo peke yake, kwa simu.