Nyuzi za Bawa la Juu

Tone la gundi lilidondoka juu ya bawa la ndege ya plastiki kabla sindano haijafika kwenye tundu. Muthamia alilitazama likikauka na kuacha doa jeupe, kisha akaitua sindano na kuulaza mkono wa kushoto mapajani, kando ya ule wa kulia. Wa kulia haukuwa umemsikia tangu kiharusi cha Februari. Wa kushoto ulimsikia, lakini shingo upande.

"Mama Kendi!" akaita. "Mpigie yule mwalimu Kathuri aje achukue vifaa hivi vyote, awape watoto wa shule. Mimi nimemaliza."

Wambeti, mkewe, alitoka jikoni akijifuta mikono. Kwa miaka thelathini mumewe alifundisha fizikia katika sekondari ya Ruiri, na kila Jumapili baada ya kanisa aliketi kwenye meza hii akiunda ndege ndogo za plastiki, mfano wa zile za zamani zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Katikati ya mabawa hupita nyuzi nyembamba za nailoni badala ya waya, na hapo ndipo fundi hujitenga na mbabaishaji. Hii ilitaka nyuzi ishirini na nne. Haikuwa na hata mmoja.

"Umemaliza vipi na haina nyuzi?"

"Haina, na haitakuwa nazo."

Wambeti hakwenda kutafuta simu. Alivuta kiti. "Niambie inaanzia wapi."

Muthamia alitaka kukataa. Kusema kweli aliona wivu, na aliogopa kuharibiwa kazi. Lakini vidole vya mkewe vilikuwa vikisuka nywele sokoni Gakoromone tangu kabla binti yao Kendi hajazaliwa, naye hakupata sababu ambayo isingemchekesha mtu. Akamwonyesha tundu.

Wambeti alipitisha uzi, akautia gundi kwa ncha ya sindano, akahesabu hadi kumi. Alipofika upande wa pili akauvuta, kama anavyomvuta nywele mteja aliyekwisha kuambiwa avumilie. Bawa la juu likapinda.

"Unavuta! Hiki si kichwa cha mtu!"

"Kichwa cha mtu hupiga kelele mapema," Wambeti akajibu. "Hii ndege yako imeninyamazia tu."

Akaukata uzi kwa wembe, bawa likarudi mahali pake. Wa pili akauacha huru, akaugandisha ncha zote mbili, ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Muthamia akaanza kueleza kwamba uzi hukandamizwa kwa kidole, kidogo tu, kiasi cha... Kile kiasi kilikuwa kimebaki kwenye mkono uliokufa, na hakuwa na maneno ya kumpa mtu mwingine.

Wambeti akawasha kiberiti, akakipuliza, akakisogeza kijiti kingali chekundu karibu na uzi.

"Wambeti! Hiyo ni plastiki!"

Miaka mingi ilikuwa imepita bila yeye kumwita mkewe kwa jina lake.

"Tulia, mwalimu. Nailoni ni nailoni. Hata rasta za kusukia tunazipitishia moto hivi, bora usiguse."

Uzi ulijikaza wenyewe. Ulinyooka kutoka bawa hadi bawa, na bawa halikutikisika. Muthamia alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa. Alikuwa amefundisha habari za joto kwa miaka yote hiyo huku akikaza nyuzi kwa kidole! Aliona aibu, kisha furaha ikaja ikaishinda aibu, akacheka kwa sauti iliyomshtua hata yeye.

Mwishoni mwa uzi palikuwa na tone nene la gundi. Zamani asingelivumilia hata kwa dakika moja.

"Nikwangue?" Wambeti akauliza.

"Acha. Liko pazuri."

Wambeti alisimama, akajinyoosha mgongo. "Basi zimebaki ishirini na tatu. Leo macho yangu yamekwisha, na kesho niko na wateja mpaka saa kumi na moja."

Kwenye meza ile Muthamia alikuwa amewangojesha watu wote: wageni mpaka chakula kikapoa, hata Kendi akiwa mdogo na daftari lake mkononi. Alifunika chupa ya gundi kwa mkono wa kushoto, taratibu, mpaka kifuniko kikashika.

"Nitakungoja," akasema.