Diski Iliyoona Haya

Kompyuta ya ofisi ya maji ilikaa chini ya meza ya sekretari. Siku nyingine iliwaka vizuri, siku nyingine ikaandika kwenye kioo kwamba haioni diski, na ikishaandika hivyo koki kubwa za mitaa hazifunguki, mji mzima unakauka. Ndipo akaitwa fundi wa kompyuta, mwanamke ambaye mtaani walimbandika jina la Bisibisi kwa kuwa alitembea nayo hata harusini.

Bisibisi alianza na yale ambayo kila fundi huanza nayo. Akabadili waya, akauchomeka kwenye tundu jingine, akasugua pini kwa kifutio cha penseli. Kompyuta ikaiona diski. Meneja akaingia kuuliza kazi imefika wapi, kioo kikaandika haioni diski. Meneja akatoka, ikaiona. Bisibisi alikuwa mtu wa kutaka kujua kitu hadi utumbo wake, na ubovu wa kuja na kuondoka humnyima usingizi kuliko ubovu wa kufa kabisa. Meneja aliporudi, Bisibisi alifungua boksi la kompyuta pale pale. Skrubu zilikuwa zimekazwa, waya zinaning'inia, na diski haikuwepo.

Sekretari hakuinua macho kwenye kazi yake. Alisubiri meneja atoke, akanyoosha mkono kwenye kabati la chai, akaitoa diski nyuma ya kopo la sukari, ikiwa ya moto.

“Haina ubovu, dada,” alisema. “Inaona haya.”

Bisibisi aliona neno hilo limekaa sawa. Kompyuta haioni diski kwa sababu diski inaona haya. Lililobaki ni kujua haya ya nini. Akairudisha mahali pake, akachungulia ndani. Mlikuwa na zamu za maji. Mtaa wa meneja ulipata kutwa kucha, watu wakaosha hadi kuta. Mtaa wa mama yake Bisibisi uliwekewa saa ambazo kila mtu amelala, tena kwa muda wa kujaza birika, ndiyo maana mama alipandisha ndoo ngazini mchana huku goti likimsuta. Mama alikwisha kusema kwamba goti hilo likizidi kuuma, hatashuka tena. Bisibisi alikasirika, akamfuata meneja.

Alimweleza meneja ugonjwa wa diski bila kumung'unya maneno. Meneja alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayeelezwa habari za tairi.

“Kwani hakuna diski isiyo na haya?” aliuliza.

Zipo, Bisibisi akakiri. Zile mpya za dukani, kwa kuwa bado hazijaona kitu. Meneja akaagiza moja, akaongeza kwamba mambo yakienda vizuri, kompyuta zote za ofisi zitakuwa mikononi mwa fundi huyo.

Kunakili zamu kulikula muda, na muda huo wote Bisibisi alikuwa peke yake na kibodi. Kuusogeza mtaa wa mama hadi mchana kulitaka kubonyeza tu. Kidole kikaenda, kikasita, kikarudi. Alijiambia kwamba fundi cherehani hamuulizi mteja anakwenda wapi na suruali. Diski mpya ikafungwa, meneja akaingia, akasimama mbele ya kioo, na kompyuta ikaiona bila taabu.

Ile ya zamani aliambiwa aondoke nayo. Akampelekea mama, kwa kuwa haikupoa hata ilipochomolewa. Mama akawa anaiweka juu ya goti, na maumivu yakatulia, akawatambia majirani kwamba mwanawe kamletea dawa.

Bisibisi alipokwenda kumjulia hali, alimkuta kitini, anajisugua goti kwa kiganja.

“Ilikuwa hapa sasa hivi,” mama alisema. “Ukija tu, mwanangu, inaondoka. Ukienda, inarudi.”

Walizungumza kidogo habari za majirani, na walipokuwa wakizungumza goti likaanza kuvimba. Bisibisi akaaga.

Bomba la mtaa ule bado ni kavu mchana. Bisibisi hupandisha ndoo ya mama mwenyewe, huitua mlangoni na kubisha, kisha huteremka bila kuingia.