Dari ya Sileji

Mume wangu alipiga simu kutoka duka la pembejeo.

"Mama Kidoti, mnasemaje huko? Mwenye mashine ya kufunga marobota yuko hapa, anataka jibu. Tuchukue marobota au turudie shimo?"

"Usikate. Namwendea mama."

"Muulize kwa upole, usije ukala za uso."

Mama mkwe wangu alikuwa akichota sileji ya ng'ombe ya jioni, majani yaliyofukiwa yakachachuka. Shimo letu limekatwa ubavuni mwa mwinuko, unaingia kwa mbele kama unavyoingia chumbani, na mbele yako kuna ukuta wa majani ya mahindi yaliyoshindiliwa, mrefu kuliko mtu. Mimi nilitaka marobota, majani yaleyale yakiwa yamefungwa kwa plastiki. Ng'ombe wetu ni wachache. Unafungua robota moja, wanalimaliza kabla halijaota ukungu. Mama alisema huko ni kuyavisha majani nguo za harusi.

Nilipofika mbele ya shimo, nilisimama ghafla. Mama alikuwa amekata kuanzia chini, kwa kuwa ya chini ndiyo iliyoiva na ng'ombe wanaigombania. Ya juu ameiacha, imening'inia kama dari. Chini ya dari hiyo alikuwa ameinama na uma wake. Nyuma yake, juu ya ndoo iliyofudikizwa, alikaa Kidoti wangu akitafuna kidole. Huko juu, karibu na turubai, palikuwa na ufa. Ungeweza kupenyeza mkono mzima.

Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia. Namjua mama: ukimwambia toka, kwanza atauliza kwa nini, kisha atauchoma uma ukutani akuonyeshe ulivyo imara.

"Mama," nikasema taratibu, "nimekubali. Tuchimbe shimo jingine."

Uma ukasimama. "Wewe? Na kisomo chako chote cha jioni cha ufugaji?"

"Nimeshindwa, mama. Ila sijui tulichimbe wapi. Njoo nje unionyeshe. Mlete na mtoto."

"Ngoja nijaze hili beseni."

"Mwanao anasubiri kwenye simu, mama."

Punje za mahindi zikadondoka kwenye nywele za Kidoti. Akacheka, akakinga viganja apate nyingine.

"Mama, tafadhali."

"Haya, haya! Yaani ukishindwa una haraka kuliko ukishinda." Akambeba mwanangu kiunoni, akatoka taratibu, anatabasamu. Nikampokonya mtoto.

"We, mbona unampokonya?"

Nilimrudishia mtoto, nikachukua ule mti mrefu wa kuegemeza kamba ya nguo, nikasimama mbali na kuugusa ufa kwa ncha yake. Kugusa tu. Dari yote ikashuka. Haikutoa kishindo, ilisema "puu", kama gunia la unga. Beseni halikuonekana tena, wala ndoo. Harufu chachu ikatupiga usoni.

Mama aliketi palepale chini, akamkumbatia Kidoti mpaka mtoto akalalamika, "Bibi, unaniminya."

"Haloo?" simu ikasema mkononi mwangu. "Jamani, mmekufa?"

"Umeshasema shimo," mama alisema. Hakunitazama. Alitazama pale ilipokuwa ndoo.

"Nilisema, mama."

"Basi lifute neno lako, mwanangu. Mimi langu siwezi."

Nikaipandisha simu sikioni kwa mikono miwili.

"Marobota," nikasema. "Mwambie aje."