Tuliandika "Bado"

Mama anaamini kwamba benki zote za nchi hii zinalala na kuamka kwa amri yangu. Kosa si lake. Mimi ni mkaguzi wa benki kuu, na siku nilipopandishwa cheo nilijigamba nyumbani kupita kiasi. Tangu hapo, mtu akilalamika kwenye kituo cha kusafishia damu kwamba mashine ya pesa imemeza kadi yake, Mama humwambia asihangaike, binti yake yupo.

Figo za Mama zimechoka, na damu yake husafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumatatu nalipa mimi. Siku mbili zilizobaki alikuwa akizilipa dada yangu, anayefanya usafi katika hospitali moja ng'ambo. Alituma pesa kupitia wakala mdogo mwenye kidirisha kati ya kinyozi na duka la viatu. Pesa zilikuwa zikifika kabla dada hajamaliza kutusalimia kwenye simu.

Sasa nieleze tulivyoharibikiwa, maana hadi leo damu inanichemka. Kuna chombo cha kimataifa kinachopima jinsi kila nchi inavyozuia pesa chafu. Kabla wakaguzi wake hawajaja, nchi hujisahihishia mtihani yenyewe: kwenye kila swali unaandika "tayari" au "bado". Majirani zetu walikodi kampuni ya washauri, wengi wao wakaguzi wastaafu wa chombo hichohicho, wakaandikiwa "tayari" zilizopigwa pasi. Sisi tulijifungia kwenye chumba cha mikutano, feni ikikoroma, tukajibu kwa akili zetu. Mkurugenzi wangu ni mtu mnyoofu hadi anakera. "Tuandike kweli," alisema. "Wakiona tunajijua, watatusaidia." Tukaandika "bado" palipostahili, na palistahili pengi. Niliionea fahari kazi ile.

Tukatiwa kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazotazamwa kwa jicho kali. Majirani wakapita. Na ile nchi tajiri ambako mafisadi wetu wote wana nyumba na akaunti haikuguswa hata kwa ncha ya kalamu, kwa kuwa yenyewe imo miongoni mwa watunga maswali.

Benki ya ng'ambo iliyokuwa ikimpitishia wakala wetu pesa haikungoja. Ilimfungia akaunti wiki hiyohiyo, na dada akanipigia simu.

"Mdogo wangu, kidirisha kimefungwa. Nimekwenda benki kubwa, wanataka karatasi za ukaazi ndipo watume pesa nje, na mimi sijapewa. Fanya kitu, jamani. Si ndiyo kazi yako?"

"Nitafanya," nikamwambia, na wakati ule niliamini.

Mkurugenzi akanitafutia kikao cha video na msimamizi wa mabenki wa kule kwa dada. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuta mtu mpole aliyevaa sweta, rafu ya vitabu nyuma yake, akaniharibia ugomvi wangu wote.

"Sisi hatujaagiza akaunti yoyote ifungwe," alisema. "Tumeyaambia mabenki yapime hatari yenyewe."

"Benki ikikosea, pesa chafu zikapita, mnaitoza faini?"

"Kubwa sana."

"Na ikimfungia mtu asiye na kosa?"

Akajibu kwa uungwana kabisa. "Hapo hakuna faini."

"Ungekuwa wewe ndiye benki, ungefanyaje?"

"Ningefunga," akasema. "Samahani sana, mwenzangu. Ningefunga."

Nikaiandikia benki, ikajibu kwamba huo ni uamuzi wa kibiashara na hauna rufaa. Nikakiandikia chombo, kikajibu kwamba tutapimwa tena zamu yetu ikifika, baada ya mwaka au miwili. Nilihangaika mlango hadi mlango nikitafuta mtu wa kumkaba koo, na kila niliyemfikia alikuwa mstaarabu na alikuwa amefuata sheria. Ningekuwa kwenye kiti chake ningeifuata hivyohivyo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Jioni moja Mkurugenzi alikuja kusimama mezani kwangu, akavua miwani.

"Unadhani tulipaswa kuandika 'tayari'?"

"Ungeweza, bosi?"

"Hapana."

"Mimi pia nisingeweza."

Akaifuta miwani kwa tai, akaivaa, akaenda zake nyumbani.

Siku za dada nikaanza kuzilipa mimi. Nilikopa kwenye chama cha akiba cha kazini, nikauza gari, nikauza hadi kabati la vyombo. Dada kule akaongeza zamu, mshahara ukawa unajaa kwenye akaunti yake kama maji kwenye pipa lisilo na bomba. Daktari alikuwa ameshatuambia bila kuzunguka: kwa siku mbili kwa wiki, moyo wa Mama hautastahimili muda mrefu.

Vya kuuza vikaisha, na siku moja nesi alinifuata, Mama akiwa bado kwenye kiti, mipira ya damu imefungwa mkononi.

"Dada, naona malipo ya siku moja yamekatika. Kuna mgonjwa anangoja nafasi. Nitoe siku ipi? Lazima mtu wa familia aseme."

Nilimtazama Mama. Alikuwa ametusikia, na wala hakushtuka.

"Mwambie atoe yoyote," akasema. "Ni wiki hii tu. Wiki ijayo si unamalizana na hao wa benki, mwanangu?"

Wagonjwa wenzake walikuwa wamenigeukia, kila mmoja kwenye kiti chake. Nilitaka kulia, nikaona aibu.

"Ndiyo, Mama," nikasema. Kisha nikamwambia nesi, "Toa Jumatano."

Nesi akatoka kwenda kumwita huyo mgonjwa. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja kwenye benchi la nje akaingia mbio mbio, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.