Masikio ya Subilaga

Usiku wa kuamkia leo niliota nimempeleka binti yangu Subilaga kanisani, na spika ikatupokea mlangoni na kutuonyesha kiti.

Subilaga ana miaka minne. Tangu masika yaanze, akisikia sauti kubwa huziba masikio kwa viganja na kulia. Kijiko kikianguka, analia. Kwaya ikianza, analia zaidi. Mama Atuganile, kiongozi wetu wa maombi, alisema mtoto anayekimbia nyimbo za Mungu ana kitu ndani yake. Desturi ya kanisa letu ni kwamba asiyepokea maombi huketishwa karibu na spika, ili neno limwingie. Jumapili mbili nimemshika mikono pale, akipiga mateke. Leo ilikuwa iwe ya tatu.

Katika ndoto Mama Atuganile ameshika rula.

"Mama Subi, sogea."

Ninasogea.

"Bado. Desturi inasema karibu."

"Karibu ni wapi, Mama?"

"Karibu ni karibu. Nani kakwambia ina kituo?"

Ninasogea mpaka shavu langu linagusa spika. Anapima, anatikisa kichwa, ananisukuma. Spika inafunguka kama pazia, na sasa niko peke yangu kwenye korido nyembamba yenye joto. Mbele yangu amekaa bawabu mwenye koti la mvua.

"Mwavuli ingia nao," anasema. "Masikio acha hapa."

Ninayavua. Ananipa mengine, madogo, ya moto kama maandazi yaliyoopolewa sasa hivi.

"Ya nani haya?"

"Unayaosha kila siku, halafu unaniuliza mimi?"

Ninayavaa. Mahali fulani mtu anaweka kikombe mezani, na sauti inaniingia kama shoka. Ninapiga magoti. Bawabu anachezesha midomo, lakini maneno yake yananifikia kwa mbali, kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

Ninasukuma mlango wa ngozi. Ndani kuna chumba kidogo, na maji mazito ya njano yananifika kiunoni. Wazee watatu wafupi wamesimama humo. Ninawatambua: ni Nyundo, Fuawe na Kikuku, mifupa mitatu ya ndani ya sikio. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni aliwachora ubaoni mwezi uliopita. Hakutuambia kwamba wanavaa kofia.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Umekuja na ndoo?" anauliza Nyundo.

"Sikuambiwa."

"Uliambiwa kila siku," anasema Fuawe. "Kwa kilio. Tumo majini tangu masika, na huko nje mnatupigia ngoma."

"Yalikuwa maombi," ninasema kwa aibu.

Kikuku, ambaye ni mdogo kuliko punje ya mchele, anainua kidole. "Maombi tunayajua. Alfajiri wewe humfunika mtoto shuka ukamwombea midomo ikicheza tu. Hayo hufika. Yale ya spika hutubamiza ukutani."

"Wanasema ana pepo."

Wazee wanatazamana. Nyundo anachungulia chini ya maji, kisha anavua kofia na kuangalia ndani yake.

"Tuko watatu tu humu," anasema. "Tumehesabu."

Hapo spika inaingia kwa kujibana, imelowa, inazungumza kwa kunong'ona.

"Mama, nisamehe. Mimi husema ninachopewa. Kitufe kiko mgongoni, sikifikii."

Ninanyoosha mkono na kuizima. Kimya kinatanda, na katika kimya hicho ukuta wa ngozi unatoboka tundu dogo. Maji yanaanza kutoka.

"Humo usitie kitu," Fuawe anasema. "Si mafuta ya uvuguvugu, si maziwa, si unyoya wa kuku. Mpeleke kwa mwenye taa ya kuchungulia."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Subilaga alikuwa amelalia mkono wangu, katika usingizi mzito ambao hakuupata kwa majuma matatu. Nilipouchomoa mkono taratibu niliona doa la njano, bichi, lenye harufu, limetapakaa kutoka kiwiko hadi kiganja. Mchirizi mwembamba ulitoka sikioni mwake.

"Hodi!" Mama Atuganile alikuwa ameshaingia sebuleni. "Mama Subi, bado mmelala? Wenzenu wanaunganisha spika!"

Nilitoka na mtoto begani. Nilimnyooshea mkono.

Aliutazama, akainama, akaunusa. Kisha akamtazama mtoto.

"Kumbe ni sikio," alinong'ona.

"Ni sikio, Mama. Tunakwenda zahanati."

Alivua viatu vyake vya visigino, akavishika mkononi visigonge sakafu, akatangulia kutufungulia mlango.