Sanduku la Sajini

Alifika ndani ya gunia lililotobolewa matundu, juu ya bodaboda kutoka Koboko. Mume wangu Alionzi alilifungua mbele ya jiko, kikatoka kiumbe chenye uso wa mtoto na miguu ya mbwa mkubwa. Alikuwa wa ile aina ya mbwa wa polisi, masikio ya kusimama, ila sikio moja lilikuwa bado halijakata shauri.

"Marino amenipa," alisema. Marino ni mfanyabiashara wa Sudan Kusini. Alionzi hulinda ghala lake Koboko, mji wa mpakani, na hurudi kwetu kijijini Manibe mwisho wa juma. "Sasa mimi nikiwa kazini, wewe na mtoto mko na mutu."

Nilimwelewa. Tangu wezi walipovunja mlango usiku na kuchukua mbuzi, huku mimi nimejibanza chini ya kitanda nimemziba mtoto mdomo, nilikuwa sijapata usingizi wa kweli.

Binti yetu Peace, ambaye hajaanza hata shule ya chekechea, alikuwa ameshachuchumaa. Mbwa akamlamba kidevu. Peace akacheka mpaka akaanguka.

"Toa mtoto hapo!" Ilikuwa sauti ya jirani yetu, Mzee Obitre, mwanajeshi wa zamani aliyekuja kuwa askari wa lindo Arua mjini. "Mnaharibu imbwa! Imbwa ya lindo haichezi. Fungia yeye kwa sanduku, giza tu. Mutu moja ndiyo anapea yeye chakula. Tia pilipili. Akikua, hata wewe, mama Peace, utaogopa."

"Mzee, kama mimi mwenyewe naogopa yeye, nimepata mlinzi ama mwizi ya pili?"

"Ee! Wewe na shule yako ya jioni!"

Alionzi alicheka, lakini kesho yake alikuwa anapigilia mbao. Walinzi wote anaowajua hufanya hivyo, alisema. Akamwita mbwa Sajini, akamfungia, akaniachia kazi ya kumlisha, akarudi Koboko.

Sajini alilia. Halafu akaacha kulia, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Kila nilipofunua kifuniko kumpa ugali wa muhogo na dagaa (pilipili nilijifanya nimeisahau), alijibana kwenye kona na kujikojolea. Nilijiambia nivumilie. Huyu ndiye atakayenilaza usingizi.

Mchana mmoja nilikuwa nageuza muhogo juani niliposikia mtoto analia kama hajawahi kulia. Peace alikuwa amepitisha vidole katikati ya mbao kumpa rafiki yake kipande cha muhogo. Kidole kimoja kilikuwa na damu.

Nilikiosha kwa sabuni na maji ya kumiminika mpaka jerikeni ikaisha. Obitre akaja na rungu.

"Imbwa ikishauma mtoto, inakufa leo. Hapa kwetu ni hivyo."

Sikubishana naye. Kama nisingekuwa nimembeba Peace, ningemshikia huyo mbwa ampige. Nikasimamisha bodaboda, tukaenda zahanati.

Nesi Candiru alitazama kidole, kisha akanitazama mimi. "Huyo mbwa alichanjwa?"

"Sijui, dada. Tulipewa. Hatukuuliza."

"Na sasa iko wapi?"

"Nyumbani. Jirani anataka kumuua."

"Asiue! Piga simu sasa hivi. Mtoto anadungwa sindano leo, na atarudi kwa zile zingine, usikose hata moja. Lakini mbwa mwangalie siku kumi. Akibaki mzima, anakula, anakunywa, utajua hana kichaa cha mbwa. Mkimuua leo, mtabaki kujiuliza tu."

Nilimpigia Obitre palepale. "Mzee, usimguse."

"Na kama ni kichaa?"

"Ndiyo maana tumwangalie."

Lakini utamwangaliaje mbwa aliye gizani? Nilimfungia Peace ndani ya nyumba, nikamtoa Sajini kwa kamba ndefu, nikaifunga kwenye nguzo ya jiko. Nikaweka bakuli la maji, nikakaa mbali na fimbo. Mimi niliyetaka mbwa wa kunilinda, sasa nilikuwa namlinda yeye. Alipepesa macho kwa jua. Alinusa upepo. Alipokunywa, niliiweka fimbo chini.

Tangu hapo, kazi ya kwanza asubuhi ikawa maji. Peace aliuliza akiwa dirishani: "Mama, amekunywa?" Nilipojibu ndiyo, alipiga makofi na kidole chake kilichofungwa bandeji.

Alionzi akaja kabla ya siku kumi kuisha. Nilipompigia simu kumweleza, alikuwa amesema neno moja tu: nammaliza. Aliingia ndani, akambeba Peace, akaangalia kidole, akamweka chini, akatoka na nyundo.

Sajini alipomwona alikimbilia nyuma ya miguu yangu. Akaunguruma. Mngurumo mdogo, wa kutetemeka, wa kwanza katika maisha yake.

"Umeona?" Obitre alisema kutoka kwenye uzio. "Lindo amejua! Anangurumia hata mwenye kumleta!"

Alionzi hakucheka.

"Baba Peace," nilimwambia, "ukimuua leo, Peace akipata homa nitafikiri ni kichaa cha mbwa. Akikataa maji nitafikiri ni hicho. Mpaka lini?"

Alisimama na nyundo mkononi.

"Leo amekunywa?" aliuliza mwishowe.

"Bado."

Akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya kazi. Sikumwambia akae. Peace akanong'ona dirishani, kwa sauti ambayo hata Obitre aliisikia: "Baba, usiseme kitu. Ukisema hatakunywa."

Tukangoja. Kuku walipita. Sajini akatoa pua, akairudisha. Akatoa tena. Akatembea amejikunyata, tumbo karibu liguse ardhi, macho hayabanduki kwa Alionzi, mpaka kwenye bakuli. Akanywa.

Alionzi aligeuka kulitazama sanduku. "Kesho nitabomoa lile sanduku."

"Leo," nikasema.

Akainuka, akageuza nyundo upande wa kung'olea misumari.

"Polepole," nikamwambia. "Anakusikia."

Akaanza kung'oa, msumari mmoja mmoja, bila kupiga.