Dumu la Mabibo Chini ya Kitanda

Mzee Bilali, patroni wa bweni la wavulana katika shule moja ya Nachingwea, alikuwa na pua iliyoogopwa kuliko fimbo. Asubuhi ile pua ilimpeleka moja kwa moja hadi kitanda cha Huzaifa. Akainama, akavuta dumu la juisi ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Lilikuwa likitoa povu.

"Uraka," alisema, akiitaja pombe ya mabibo kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia.

"Si uraka, mzee. Ni chachu. Nafugia mwani."

"Muhula uliopita ulinishukuru kwa kisanduku chenye utepe. Ndani mlikuwa na nini?"

Huzaifa akakiri kwamba mlikuwa na chura.

Hapo ndipo penye msiba. Leo alikuwa anasema kweli, na kweli haikuzoea kupita mdomoni mwake. Mwanafunzi wa bweni akikutwa na pombe hurudishwa kwao na godoro lake. Kwao ni Chinongwe, kule Ruangwa, ambako mama yake, Hafidha, alikwisha kuwatangazia majirani kwamba anasomesha mhandisi. Mwalimu Methodius wa nidhamu akampigia simu. Mama akapanda bodaboda.

"Jitetee," mwalimu alisema wakimsubiri.

Huzaifa akajitetea kwa adabu zote. Nyuma ya maabara ana beseni la maji ya kijani. Kijani kile ni mwani, mdogo kuliko vumbi, na ndani yake mna mafuta. Chachu ya mabibo hutoa gesi, gesi hupita kwenye mpira wa dripu hadi kwenye beseni, mwani hula ukanenepa. Shida ni kuuvuna, maana hata kitambaani unapenya. Ndipo huweka ukungu alioufuga kwenye kiporo cha ugali. Ukungu huukumbatia mwani, vikawa madonge ya kuchujwa kwa chujio la chai.

"Chujio langu," alisema Mzee Bilali, aliyelitafuta wiki nzima.

Methodius, mzaliwa wa Bukoba kwenye pombe za ndizi, alimimina kidogo kwenye kifuniko, akaonja, akatema.

"Ametia mbolea humu."

"Chachu inaihitaji, mwalimu."

"Basi si pombe. Mnywaji hawezi kuharibu kitu hivi."

Kwa heshima, hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Mama alifika na vumbi hadi kwenye kope, akawakuta nyuma ya maabara. Huzaifa alichukua mafuta aliyoyapata kwenye madonge ya mwanzo, kijiko kimoja tu, akayamimina kwenye kizibo cha soda, akachovya utambi, akawasha. Moto ukashika, mdogo, wenye harufu ya bwawa.

Mama aliutazama mpaka utambi ukaisha.

"Na mabibo ni ya kazi hii tu?"

"Hii tu, mama."

"Kwetu yanaozea shambani. Utaletewa."

"Dumu lihamie maabara," Methodius alisema. "Ufunguo utauchukua kwangu."

Huzaifa akasimama wima. "Ahsante, mwalimu. Ahsante, Mzee Bilali. Ahsante, mama."

Methodius akarudi nyuma hatua moja. Mzee Bilali akavua kofia, akachungulia ndani.

"Mnatafuta nini?" mama akauliza.

"Chura," alisema Mzee Bilali.

Hakukuwa na chura. Huzaifa akashukuru tena, safari hii polepole, ili wapate kuzoea.